Gari Lisilotembea Jumapili

Mnanikumbuka, wasomaji? Mimi ndiye Bernadi Kinunda, yule wa godoro. Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa juu ya kitanda cha kamba, godoro limekwenda, sufuria zimekwenda, watoto wangu wawili wamekwenda, na aliyekwenda navyo vyote ni Gertrude, mama yao, kurudi kwao Kihagara, ziwani. Kabla ya hapo niliwasimulia jinsi chama cha ushirika kilivyonipunguza kazi ya kupima kahawa, na jinsi mitumba yangu ilivyonyeshewa na mvua ikaota ukungu sokoni.

Walionililia nawashukuru. Walionicheka nawajua, wengine tumekaa nao benchi moja kilabuni.

Sasa sikilizeni ya gari.

Gertrude alikuwa amekaa kwao miezi minne. Alhamisi moja, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekazana, mama muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, alinikuta sokoni Mbinga. Alikuwa ameniletea salamu kutoka kwa baba mkwe wangu, Mzee Nathanieli, ambaye ni mzee wa kanisa la Anglikana kule Kihagara.

"Mzee amesema uwepo kwake Jumamosi kabla jua halijatua," akaniambia. "Usipofika, wewe na binti yake basi. Watoto utawasikia redioni."

"Redioni?"

"Baba, mimi nimetumwa. Sikutunga."

Akaendelea kupanga mafungu yake ya usipa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika suruali ya mtumba mkononi. Stephano ana miaka saba. Beata ana mitatu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba Gertrude atachoka na samaki, atarudi mwenyewe. Siku hiyo ndipo nilipojua harudi mtu, na nikihesabu vidole, Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Kwa miguu nisingefika. Basi lilikuwa limesimama tangu barabara ya mteremko ilipoharibika. Isitoshe, Gertrude siku anaondoka aliniambia neno moja mlangoni: "Mlima huo naushuka na mtoto mgongoni. Kuupanda tena kwa miguu, labda mniviringishe kwenye mkeka." Basi nikajua lazima niende na gari. Nitafika, nitaomba radhi, nitapakia mke, watoto na godoro, jioni tuko nyumbani. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri sana, nilipouwaza nikiwa peke yangu.

Tuliambiwa kwamba siku hizi za soko huria kila kitu kinapatikana. Kweli kinapatikana. Pale Mbinga magari ya kukodi nilipata matatu. La kwanza lilikuwa la mnunuzi binafsi wa kahawa, akanitazama viatu, akacheka, akafunga kioo. La pili lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. La tatu lilikuwa Landrova ya Mzee Raimundi wa Kitura.

Landrova hiyo nilikuwa naijua vizuri mno. Ilikuwa ya chama. Nimeipanda bure miaka kumi na moja, nimekaa mbele, kalamu sikioni, wakulima wananipungia. Chama kilipoanza kuuza mali zake, Mzee Raimundi alikuwa ndiyo kwanza ameuza kahawa yake kwa bei ile iliyopanda ghafla, akaenda mnadani akainunua. Mimi kiinua mgongo changu nilinunulia mitumba. Kila mtu na akili zake.

Nilimkuta nyumbani kwake Kitura saa za jioni. Gari lilikuwa ndani ya banda la nyasi, limefunikwa blanketi mbili. Mimi nyumbani nilikuwa na moja.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuliona gari?"

"Nimekuja kulikodi."

"Kaa chini. Gari halikodiwi na mtu aliyesimama."

Nikakaa. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, wa parokia gani, wa jumuiya gani, kipaimara nilipata mwaka gani, na nani anayenifahamu hapa Kitura. Kila nilipojibu, alimgeukia mkewe aliyekuwa akichambua maharage, na mkewe akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nakwenda kumchukua mke wangu, lakini aliyenikalisha kama mposaji ni mwenye gari.

"Masharti ni haya," akasema. "Gari haliendi bila mimi. Mafuta ni juu yako. Tena gari hili Padri amelibariki kwa maji ya baraka, na mimi nimeweka nadhiri mbele yake. Jumapili halitembei, isipokuwa kwenda misani."

"Hamna shida, Mzee. Ni Jumamosi tu."

"Bado. Halibebi mlevi, wala halibebi mtu na hawara yake. Huyo unayekwenda kumchukua ni nani?"

"Mke wangu."

"Wa ndoa?"

Hapa, wasomaji, lazima niseme kitu ambacho wiki zote hizi nimekuwa nikikizunguka. Mimi na Gertrude tumeishi miaka tisa bila kufunga ndoa. Yeye Mwanglikana, mimi Mkatoliki, na kila aliponiuliza nilimwambia dini zetu zinahitaji utaratibu, tuone baada ya msimu. Misimu tisa kahawa ilivunwa, ikauzwa, ikanywewa na Wazungu, na ndoa yetu ikabaki shambani. Dini haikuwa sababu. Nilikuwa naona raha tu kuwa na mke ambaye sijaahidi kitu.

"Wa ndoa, Mzee," nikasema. "Ndoa ya kanisani. Parokiani kwetu Mbinga."

"Shika hii useme tena."

Akanipa rozari yake. Nikaishika, nikasema tena, neno kwa neno. Njaa ya gari si mchezo.

"Vizuri," akasema Mzee Raimundi, akainuka akaenda kuondoa blanketi.

*

Jumamosi tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya soko. Nikavaa suti, ile ya mtumba iliyokuwa haina ukungu. Saa kumi na mbili hakuna mtu. Saa moja hakuna mtu. Saa tatu ndipo nikasikia nyimbo, kisha honi, kisha Landrova ikatokea, na nyuma yake akina mama kumi wamekaa juu ya magunia ya maharage na mahindi.

"Mzee!" nikasema. "Hili gari si nimelikodi?"

"Umelikodi."

"Sasa hawa?"

"Hawa ni jumuiya yetu. Wanakwenda ziwani kubadilisha maharage kwa usipa."

"Lakini nimelikodi mimi!"

"Ndiyo, kijana wangu. Usingelikodi wewe, lingekwenda?"

Nikazunguka kwenda mlango wa mbele.

Kiti cha mbele alikuwa amekikalia Mama Bonifasia, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani ng'ambo ya bonde. Nikamwomba kwa heshima anipishe, kwa kuwa mimi ndiye mwenye safari.

"Mimi nina presha, baba," akasema. "Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Nikapanda nyuma na suti yangu, nikakaa juu ya maharage.

Mzee Raimundi aliendesha mwenyewe. Nilikuwa nimedhani ana dereva. Kumbe alikuwa amejifunza kwa wiki sita, uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na uwanja wa mpira hauna kona wala korongo. Kila tulipopita msalaba wa kaburi au kigango, kanisa dogo la kijiji, alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akawasha upya. Mbinga nzima ni vigango. Tulipofika kwenye mteremko jua lilikuwa utosini.

Katikati ya mteremko tukakutana na lori linapanda. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na barabara yenyewe upana wa mkeka. Dereva wa lori akatoa kichwa.

"Mzee, rudi nyuma kidogo! Nyuma yako pana nafasi."

"Siwezi," akasema Mzee Raimundi.

"Kwa nini?"

"Kurudi nyuma bado sijafika."

"Hujafika wapi?"

"Kwenye mafunzo. Niliishia gia za kwenda mbele. Kurudi nyuma ni baada ya Pasaka."

Dereva wa lori alitukana tusi ambalo akina mama kumi walilijibu kwa wimbo wa Bikira Maria. Mwisho akarudi nyuma yeye, na mzigo wake wa mbao, taratibu, utingo akikimbia nyuma na jiwe la kuzuia tairi. Ilichukua saa nzima. Mzee Raimundi alipopita pembeni yake akampungia mkono na kumwambia Mungu atamlipa.

Kisha tope. Mwenye gari yuko kwenye usukani, akina mama wana umri na presha, basi aliyeshuka kusukuma ni mimi niliyelipa. Tairi lilizunguka, tope likaniruka usoni na kwenye suti.

"Sukuma, baba!" akaniita Mama Bonifasia dirishani. "Unasukuma kwenda kwa mkeo wa ndoa!"

Maana habari ya ndoa yangu ilikuwa imeenea gari zima. Mzee Raimundi alikuwa ameipenda mno. Alitaka kuwasimulia wengine kama mfano.

"Mlifungishwa na padri gani?" akaniuliza tulipokuwa tunapumzisha injini.

"Padri aliyerudi kwao Ulaya."

"Yupi?"

"Yule mrefu."

"Wote walikuwa warefu."

"Huyu alizidi."

Akafikiri. "Aha," akasema, "namkumbuka." Nikaona ajabu, nimeanza kutunga mapadri na watu wanawakumbuka.

Mbamba Bay tulifika saa tisa. Nikamsihi Mzee tusisimame, jua linakwenda, nina miadi. Akasema nisubiri kidogo tu, akina mama wabadilishe. Kidogo hicho kilikuwa saa mbili. Mmatengo wa mlimani na Mnyasa wa ziwani wakikutana, mmoja na debe la maharage na mwingine na debe la usipa, hapo hata Padri Mkuu apite hawamwoni. Usipa una mchanga. Maharage yana wadudu. Debe lako limebonyea. Shindilia hilo. Mimi nilikuwa natazama jua likishuka upande wa Malawi.

Tulipita Liuli jua limekwisha zama. Mbele kidogo, tairi la nyuma likatoa pumzi yote.

"Tairi la akiba liko wapi?" nikauliza.

"Nyumbani," akasema Mzee Raimundi. "Chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda?"

"Ukilibeba kila siku linachakaa."

Jamani. Nilikaa pembezoni mwa barabara, nikalia. Si kilio cha kuigiza, nililia machozi. Jumamosi ilikuwa imekwisha na nilikuwa sijafika. Mama Bonifasia akanikatia kipande cha muhogo wa kuchemsha, nami nikala huku nalia. Mzee Raimundi akavingirisha tairi kichwa chini mpaka Liuli kutafuta mtu wa kutia kiraka, na alirudi nalo alfajiri, amelisukuma mwenyewe njia nzima, miguu imevimba. Kwa hilo siwezi kumsema.

Akalifunga tairi. Akanawa mikono. Akakaa chini.

"Twende, Mzee," nikasema. "Tumekaribia. Ni mwendo wa saa moja tu."

"Leo Jumapili," akasema.

"Mzee!"

"Nimeweka nadhiri. Halitembei Jumapili isipokuwa kwenda misani."

"Twende misani basi. Kihagara lipo kanisa, huwa naliona nikiwa kwa wakwe."

"La kina nani?"

Nikakohoa. "La Anglikana."

"Hiyo si misa. Hiyo ni ibada. Sikuweka nadhiri ya ibada." Akainua kidole. "Kanisa letu tumeliacha nyuma. Tutakwenda huko, kesho nitakupeleka kwa mkeo."

Nikaona nimekwisha. Kesho! Mzee Nathanieli alisema Jumamosi, na mimi nipeleke uso wangu Jumatatu? Nikafikiri kuondoka kwa miguu, lakini nikimkuta Gertrude nitamwambia nini, njoo nje, gari lako linasali?

Aliyeniokoa ni Mama Bonifasia. Alikuwa amekaa na miguu nje ya mlango, anatafuna muhogo.

"Mzee Raimundi," akasema, "kwenda nyuma kwenye kanisa letu, gari si lazima ligeuzwe?"

"Lazima."

"Na kugeuza hapa, si lazima urudi nyuma kidogo?"

Mzee Raimundi akaitazama barabara. Huku majani, huku maji.

"Basi gari haligeuki," akasema Mama Bonifasia. "Kanisa lipo mbele tu. Mungu anajua gia ulizojifunza."

Akina mama wakasema amina. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akawasha gari.

*

Tulifika Kihagara kengele ya pili inalia. Niliingia kanisani na tope mpaka masikioni, nikasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa sikuthubutu kukaa kwenye benchi la watu. Mzee Raimundi na jumuiya yake wakajibana mabenchi ya mwisho, nyuso zimekunjwa, wamekuja kuvumilia.

Kisha ubani ukafukizwa. Kengele ndogo ikalia, watu wakapiga magoti. Padri akatoka na kanzu na stola ya zambarau ya Kwaresima, akaimba kama wanavyoimba kwetu. Mzee Raimundi akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Mbona ni misa?" akaninong'oneza.

"Si nilikuambia."

"Ni misa kabisa! Hawa ni wenzetu!"

Akapiga magoti kwa furaha, akajipiga kifua. Nikaona heri nisimwambie kwamba Padri yule ana mke na watoto sita. Tayari nilikuwa na mzigo wangu wa kutosha.

Gertrude nilimwona. Alikuwa benchi la mbele upande wa akina mama, kitambaa cheupe kipya kichwani, Beata amemlalia mapajani. Stephano alikuwa na babu yake upande wa wanaume. Miezi minne nilikuwa nikijisemea sina shida, nimezoea, nalala vizuri. Mwongo mkubwa mimi. Nilitaka kukimbia mpaka pale mbele nikamshike mguu.

Mzee Nathanieli aligeuka akaniona. Sikutarajia alichokifanya. Alifumba macho, akashusha pumzi, kisha akainua kichwa kumwelekea Padri, kama mtu anayesema amefika.

Baada ya mahubiri Padri akafungua daftari lake.

"Matangazo ya ndoa," akasoma. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Bernadi Kinunda, kapera, wa Mbinga, na Gertrude binti Nathanieli, wa hapa Kihagara. Ndoa itafungwa kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, kwa ruhusa ya Askofu, maana ni Kwaresima."

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, kutafuta Bernadi Kinunda mwingine. Mbinga tupo wengi. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka kunitazama mimi, na wengine wanatabasamu.

Kumbe ndiyo niliyoitiwa Jumamosi! Nilikuwa nimeitwa niketi na Padri, niulizwe yanayoulizwa, niandike jina langu. Mkwe wangu hakuwa ananifukuza. Na niwaambie ukweli, kilichonijia kwanza kilikuwa woga, furaha ikaja nyuma yake inachechemea.

"Ikiwa yupo mtu," Padri akaendelea, "anayejua kizuizi cha kuwazuia watu hawa wasifunge ndoa, na aseme sasa."

Padri akaweka kidole daftarini.

Benchi la mwisho likalia.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Mzee Raimundi, amesimama.

"Milele amina," wakajibu wote.

"Mimi ni mgeni wenu. Gari lililoko nje ni langu. Padri, nimefurahi sana na misa yenu, na nasema haya kwa uchungu." Akaninyooshea kidole. "Mtu huyu si kapera. Ana mke. Ana mke wa ndoa aliyefungishwa naye parokiani Mbinga, na padri mrefu. Amekodi gari langu kwenda kumchukua huyo mke, na ameapa mbele yangu ameshika rozari. Sasa huyu mnayemtangazia ni wa pili!"

"Hata mimi nimesikia," akasema Mama Bonifasia, "kwa masikio yangu haya mawili. Sisi tulidhani tunampeleka kwa mke, kumbe anapitia kuoa!"

Kanisa likavuma. Mama mmoja akasema "Uuuwi!" na mwingine akamvuta akae. Mzee Nathanieli alishika kichwa kwa mikono miwili.

Padri akashuka mpaka katikati ya kanisa.

"Bernadi. Unaye mke wa ndoa?"

"Sina, Padri."

"Basi ulishika rozari ukasema nini?" akapaza sauti Mzee Raimundi.

"Nilisema uongo, Mzee. Nilitaka gari. Mke niliyekuja kumchukua ni huyu huyu."

Mzee Raimundi akaniangalia, akamwangalia Gertrude, akaiangalia rozari mkononi mwake. Akakaa chini pole pole. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea.

Vijana wawili wakacheka, Padri akawatazama wakaacha. Akafunika daftari, akanisema kwa dakika kadhaa mambo ambayo nilistahili, kisha akasema kwa kuwa kizuizi hakipo, na mwenyewe nipo, ataniona baada ya misa. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, Bernadi, umepona. Una bahati ya mwendawazimu.

Ndipo Gertrude akasimama.

Alimkabidhi Beata kwa mama yake aliyekaa pembeni. Akageuka kunitazama, na alikuwa hana hasira, nami hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandaa nayo.

"Padri, naomba swali moja tu," akasema. Kisha akaniita kama anavyoniita nyumbani. "Baba Stephano. Nilikuandikia barua tatu. Ya kwanza nilikuambia baba amekubali tufunge ndoa hapa, na wewe ubaki na Ukatoliki wako. Ya pili nilikuambia matangazo yanaanza, baba amekudhamini kwa Padri. Ya tatu nikakuandikia siku. Hukujibu hata moja."

Akainua vidole vitatu, watu wote wavione.

"Nikasema hana hela ya stempu. Nikasema ana aibu, kazi imekwisha. Baba akasema mtu huyu haji, ndiyo maana akakutumia salamu za ukali. Mimi nikasema atakuja. Leo umekuja. Sasa uwaambie watu hawa, uniambie na mimi. Umekuja kufunga ndoa, au umekuja kunipakia kwenye gari?"

Wasomaji wangu, barua nilizipata. Zote tatu, mkononi kabisa. Nilijua mwandiko wake, nikadhani ni madai ya matumizi ya watoto, nikaona nikizifungua nitaumia. Mbili zilikuwa ndani ya kiatu cha mtumba. Moja nilikuwa nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza sokoni isiyumbe.

Jibu lilikuwa rahisi. Kufunga ndoa, mama Stephano. Maneno hayo tu, na kesho saa tatu ningekuwa na mke, watoto na godoro langu. Kanisa zima lilikuwa linasubiri niyaseme. Padri alikuwa anasubiri. Hata Mzee Nathanieli alikuwa ameinua uso, ananiomba kwa macho.

"Usimtazame baba," akasema Gertrude. "Nitazame mimi. Barua zangu ulizisoma?"

Nikamtazama. Miaka tisa nimemdanganya mwanamke yule, na alikuwa bado anauliza kama mtu anayetaka kuniamini.

"Sikuzifungua," nikasema. "Hata moja. Nilikuja kukupakia."

Gertrude akainama, akamchukua Beata kutoka kwa mama yake, akamweka mgongoni, akakaza kanga. Akaanza kuja, katikati ya kanisa, hatua moja moja, watu wakivuta miguu kumpisha.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuwa anakuja upande wangu, lakini sikuweza kujua kama anakuja kwangu au anatoka nje. Hayo nitawasimulia wiki ijayo.